Kucha nyeusi za mbwa wetu zimekuwa ndefu mno: Tuzikateje nyumbani bila kumuumiza?

SWALI

Shikamoo Mzee,

Naomba radhi kwanza kwa barua ndefu. Tunaishi Mafinga, nje kidogo ya mji, na tuna mbwa dume anayeitwa Tomi, mwenye umri wa miaka minne, chotara wa German Shepherd na mbwa wetu hawa wa kienyeji. Mchana anashinda bandani, usiku tunamfungulia azunguke uani. Miaka yote hiyo sikuwahi kufikiria habari ya kucha zake, lakini tangu tuweke marumaru barazani nimeanza kuzisikia akitembea, ta-ta-ta-ta, hata watoto wanajua kuwa Tomi amefika kabla hawajamwona. Akikimbia anateleza, na siku hizi akisimama vidole vyake vya mbele vinaonekana vimeinuka na kutawanyika.

Mwezi uliopita shemeji yangu alijitolea kumkata. Alitumia mkasi wa kupogolea miparachichi kwa kuwa ndio uliokuwa mkali, mimi na mume wangu tukamkandamiza Tomi chini. Ukucha wa kwanza ulikwenda salama. Wa pili alifikia nyama ya ndani, mbwa akalia kilio ambacho sijawahi kukisikia kwake, akamgeukia shemeji na kumkosa mkono kwa nafasi ndogo sana. Damu ilidondoka barazani kwa muda mrefu huku sisi tukihangaika na majivu ya jikoni. Tangu siku ile, ukigusa mguu wake anauvuta, na ukiendelea anaunguruma.

Kucha zake zote ni nyeusi ti, kwa hiyo hatuoni mahali nyama inapoishia. Isitoshe, nimegundua kwamba ule ukucha wa pembeni, ulio juu na usiogusa ardhi, katika mguu wa mbele wa kulia umejikunja kama ndoano na ncha yake imeanza kugusa ngozi.

Ushauri tunaopewa ni wa kila namna. Jirani anasema tumpe ulanzi alewe, kisha tumkate akiwa hajitambui. Baba mkwe anasema mbwa wa ulinzi hakatwi kucha kabisa, kwani ukimkata umemnyang'anya silaha. Mume wangu anasema tumfunge mdomo na kumaliza kazi yote siku moja. Mimi naomba kujua tutumie kifaa gani, tukate wapi ikiwa ukucha ni mweusi, tumshikeje mbwa ambaye amekwisha kuogopa, na damu ikitoka tena tufanye nini.

Msomaji wako, Mafinga.

JIBU

Marahaba, mwanangu. Nakushukuru kwa kueleza kila kitu kwa kirefu, maana barua fupi ingenilazimu nibahatishe.

Nianze na lile lisiloweza kusubiri, nalo ni ukucha wa pembeni uliojikunja. Huo msiukate ninyi. Kwa kuwa haugusi ardhi, hauna kitu cha kuusugua, hivyo hukua kwa kuzunguka hadi ncha yake inaingia katika nyama ya mguu na kufanya kidonda, ambacho hufichwa na manyoya mpaka kitoe usaha na harufu, na nzi wakikifikia hutaga humo mayai. Kuukata kunahitaji kupenyeza kifaa katika nafasi nyembamba kati ya ukucha na ngozi, na mbwa anayeunguruma akiguswa tu mguu hatakuruhusu kufanya hivyo. Mwite bwana mifugo wa kata yenu ndani ya wiki hii. Akiona ni lazima amchome Tomi sindano ya kumtuliza, atapima dozi kulingana na uzito wake, nawe utumie fursa hiyo kumwomba apunguze kidogo na kucha nyingine, akuonyeshe kwa kidole mahali alipoishia na kwa nini aliishia hapo. Somo la namna hiyo, ukucha ukiwa mkononi na mbwa ametulia, lina faida kuliko maelezo yangu yote ya karatasini.

Kuhusu ulanzi, najua kwamba mvua zikianza kunyesha Mufindi na Njombe kinywaji hicho hakikosekani mtaani, na jirani yenu hakuwa na nia mbaya. Hata hivyo, pombe ni sumu kwa mbwa. Mwili wake hauihimili kama wa mtu mzima: hushusha sukari katika damu, hupunguza kasi ya kupumua, hupoza mwili, na katika baridi yenu ya Mafinga mbwa aliyelewa na kuachwa nje usiku anaweza asiamke. Akitapika akiwa hajitambui, matapishi yanaweza kuingia mapafuni. Tena hakuna mtu anayejua ni kikombe kipi kinachomfanya asinzie na kipi kinachomuua, kwa kuwa ulanzi wa asubuhi si sawa na ulanzi uliolala. Kwa sababu zinazofanana na hizo, msimpe vidonge vyenu vya usingizi wala dawa zenu za maumivu. Diklofenaki na ibuprofeni, ambazo hupatikana karibu katika kila nyumba, huweza kumtoboa mbwa tumbo na kumharibu figo.

Kwa baba mkwe, afadhali mumeo ndiye azungumze naye, na azungumze kwa adabu, kwa sababu hoja yake ina sehemu ya ukweli. Mbwa anahitaji kucha ili zimsaidie kushika ardhi anapokimbia, anapokata kona na anapopanda kilima. Lakini ukucha uliopita kiasi haushiki ardhi tena, bali humtelezesha, kama mnavyoona wenyewe kwenye marumaru. Kwa kawaida mbwa hutembea kwa nyama nene zilizo chini ya vidole. Ukucha ukiwa mrefu hugota sakafuni kwanza na kukisukuma kidole juu kila anapopiga hatua, vidole hutawanyika, na mbwa hulazimika kuegemea nyuma ili kukwepa maumivu. Akiendelea hivyo kwa miaka, viungo vya vidole na vya kifundo hulemewa. Mbwa wa ulinzi mwenye miguu inayouma hataki kuinuka kwenda kuangalia nani yuko getini. Tena silaha yake ni sauti na meno, na hivyo hakuna anayevigusa.

Sababu ya kucha za Tomi kufikia hapo ni maisha anayoishi. Mbwa anayetembea kila siku barabarani, kwenye changarawe na mawe, huzisugua mwenyewe bila msaada wa mtu. Tomi analala bandani mchana kutwa, na usiku anakanyaga majani na udongo mwororo, hasa katika miezi ya mvua ambapo udongo wenu haukauki kuanzia Novemba hadi Aprili. Hakuna kitu kigumu cha kuzisugua kucha hizo. Kama mumeo au kijana mmoja wa hapo nyumbani anaweza kumtembeza kwa kamba kwenye barabara ya changarawe angalau nusu saa mara kadhaa kwa wiki, kazi ya mkasi itapungua sana, na tabia yake ya jumla nayo itakuwa nzuri zaidi, ingawa hilo ni somo la siku nyingine.

Sasa naomba unifuatilie kwa makini, kwa sababu jambo hili ndilo lililowaponza mwezi uliopita, na ndilo litakalowaponza tena mkifuata pendekezo la mumeo la kumaliza kazi siku moja. Ndani ya kila ukucha wa mbwa kuna kiini chenye nyama laini, mshipa wa damu na mishipa ya fahamu. Kiini hicho hakikai mahali pamoja maisha yote. Ukucha ukirefuka, nacho hurefuka kuufuata; ukucha ukipunguzwa mara kwa mara, nacho hurudi nyuma polepole. Maana yake ni kwamba kucha zilizoachwa kwa miaka haziwezi kurudi katika urefu unaofaa kwa siku moja, hata angekuja daktari bingwa, isipokuwa kwa kukata nyama hai. Shemeji yako hakukosa ustadi tu, alikuwa anatafuta urefu ambao haukuwapo. Mnachotakiwa kufanya ni kupunguza ncha ndogo sana, kila baada ya siku saba hadi kumi, na kuvipa viini muda wa kurudi nyuma kati ya mkato mmoja na mwingine. Baada ya miezi kadhaa mtakuta kwamba mnaweza kukata mahali ambapo leo pangetoa damu. Mkishafika kwenye urefu mzuri, yaani mbwa akisimama wima kwenye sakafu na kucha ziwe hazigusi chini au ziguse kwa shida, mtaendelea kupunguza kila baada ya wiki tatu au nne.

Kifaa kinachofaa ni mkasi maalumu wa kucha za mbwa, ule wenye umbo la koleo dogo na meno mawili yaliyopinda yanayokutana. Ulizeni katika maduka ya dawa za mifugo hapo Mafinga, na msipoupata, watu wanaokwenda Iringa mjini au Mbeya wanaweza kuwaletea. Mkasi wa kupogolea una nguvu, sikatai, lakini upana wa bapa lake humficha mkataji asione anapokata, na umebeba udongo na utomvu wa shambani, vitu ambavyo hutaki viingie kwenye kidonda. Kikatio cha kucha za binadamu kinafaa kwa vitoto vya mbwa tu. Kwa mbwa mkubwa huubana ukucha kutoka pembeni na kuupasua. Vyovyote iwavyo, kifaa kiwe kikali. Kifaa butu huuminya ukucha kabla ya kuukata, na mbwa wengi wanaodhaniwa kuwa wakorofi wanalia kwa sababu ya kuminywa huko, si kwa sababu ya kukatwa. Pamoja na mkasi, wekeni karibu tupa ndogo ya kulainisha makali, kitambaa safi, unga wa ngano katika kisahani, na kipande kikavu cha sabuni ya mche, ambacho nitakieleza baadaye.

Lakini mkasi usitoke kabatini kwanza. Kwa sasa Tomi ameshajifunza kwamba kuguswa mguu maana yake ni maumivu, na somo hilo halifutiki kwa nguvu. Chagueni mtu mmoja anayempenda zaidi, nadhani ni wewe, na mwanzo uwe wa kugusa bila kukata chochote. Chukua dagaa waliochemshwa bila chumvi, au vipande vidogo vya maini, visivyozidi ukubwa wa ukucha wa kidole chako gumba. Kaa naye saa ambayo amechoka, kwa mfano baada ya matembezi. Gusa bega lake, mpe dagaa. Telezesha mkono hadi kwenye kiwiko, mpe dagaa. Siku nyingine shuka hadi kwenye wayo, ushike kwa muda wa kuhesabu moja, uuachie kabla hajauvuta, umpe dagaa. Angalia sana utaratibu huo: mguso utangulie, chakula kifuate. Watu wengi hugeuza, wakimpa mbwa chakula kwanza ili kumzubaisha, na matokeo yake mbwa hujifunza kuwa dagaa ni dalili ya hatari na kuanza kuwakimbia dagaa wenyewe.

Akiwa anakubali kushikwa wayo, anza kubonyeza kidole kimoja kimoja kwa upole, kwa gumba juu na kidole cha shahada chini, mpaka ukucha uchomoze. Hapo tena ni dagaa. Katika hatua hiyo hiyo tenganisha vidole na uangalie ngozi iliyo kati yao na kandokando ya kucha, kwa sababu huko ndiko funza hupenda kuingia. Ukiona kivimbe kidogo cheupe chenye doa jeusi katikati, usikichokonoe kwa sindano; mwonyeshe bwana mifugo atakapokuja, kwani mbwa mwenye funza vidoleni huvuta mguu hata kama hajawahi kukatwa kucha.

Kisha leta mkasi, lakini kama kitu cha kuonwa na kunuswa tu. Mbwa wengi huogopa mlio wake kuliko makali yake. Chukua njiti za kiberiti, uzikate moja moja kwa mkasi huo karibu na mguu wake, na kila njiti inapokatika kwa mlio wake mdogo mpe chakula. Kazi hii yote huenda ikachukua wiki mbili, huenda ikachukua mwezi mzima. Usimwekee Tomi ratiba ya binadamu.

Akilamba midomo bila kuwapo chakula, akipiga miayo, akigeuza uso pembeni huku weupe wa jicho ukionekana, au akikakamaa mwili, anakuambia kwamba umefika mbali mno. Rudi hatua moja nyuma. Na akiunguruma, msimpige wala kumkaripia. Muungurumo ni onyo, na mbwa aliyeadhibiwa kwa kutoa onyo hujifunza kuuma bila kutoa onyo.

Siku ya kukata itakapofika, kateni mchana, nje au karibu na dirisha, na mwanga wa simu uwe tayari. Ikiwa mmemwogesha siku hiyo ni vizuri zaidi, kwa kuwa ukucha uliolowa huwa laini. Watoto wawe mbali. Msimkandamize chini kama mwanzo. Asimame au alale ubavu anavyopenda mwenyewe, mumeo apitishe mkono mmoja chini ya shingo na mwingine juu ya mgongo, amkumbatie bila kumkaba, nawe uinue mguu kidogo tu na kuukunja kwa uelekeo wake wa asili. Kuuvuta mguu kwenda pembeni huumiza bega au nyonga, na hapo mbwa atapigana hata kama ukucha haujaguswa. Anzeni na miguu ya nyuma, ambayo mbwa wengi huivumilia kuliko ya mbele, na ambayo kwa Tomi huenda haina kumbukumbu mbaya.

Sasa nifikie ukucha mweusi. Kwenye ukucha mweupe kiini huonekana kwa rangi yake ya waridi, na mtu hukata milimita mbili mbele yake akawa salama. Kwenye ukucha mweusi huoni rangi, kwa hiyo unasoma umbo lake na mahali ulipokata. Ugeuze wayo uangalie ukucha kwa upande wa chini. Karibu na ncha utaona mfereji, na pande zake mbili zimesimama kama kuta nyembamba. Ukirudi nyuma kuelekea kidoleni mfereji huo unafifia na ukucha unakuwa mnene wa kujaa. Sehemu yenye mfereji, ambayo ndiyo pia iliyopinda kwenda chini, haina kiini. Hapo ndipo pa kuanzia. Weka mkasi kwa mshazari wa nyuzi takriban 45, ukifuata mwinuko wa ukucha wenyewe, na ukate kipande chembamba kisichozidi milimita moja au mbili. Simama. Elekeza mwanga wa simu kwenye sehemu uliyokata na uitazame kwa mbele. Mwanzoni utaona katikati ni pakavu, peupe au pa kijivu, panapotoa unga unga. Kata kipande kingine chembamba, utazame tena. Punde katikati kutatokea doa la mviringo lenye rangi tofauti, kwa kawaida jeusi zaidi au la kijivu kinachong'aa kwa unyevu. Doa hilo ndilo mwanzo wa kiini. Ukiliona, ukucha huo umekwisha kwa wiki hiyo, hata kama unaona bado ni mrefu, na usishawishike kuongeza kipande kimoja cha mwisho. Lainisha kingo kwa tupa, mpe chakula kingi, uende kwenye ukucha mwingine.

Au usiende. Mbwa mwenye kucha nne kila mguu na mbili za pembeni mbele ana kucha 18, na hakuna sheria inayosema zote zikatwe siku moja. Ukikata mbili kwa siku ukaachia hapo mbwa akiwa bado ametulia, baada ya siku tisa umezimaliza zote, na inakaribia wakati wa kuanza tena. Ningependa mfanye hivyo kuliko kumvumilisha kwa nusu saa. Kucha za pembeni msizisahau, na kama Tomi anazo hata miguu ya nyuma, kama mbwa wengine walivyo, zikagueni kwa mkono maana jicho halizioni.

Kuhusu kumfunga mdomo, mumeo hajakosea moja kwa moja. Kuwalinda wakataji ni jambo la busara kwa mbwa ambaye amekaribia kuuma mtu. Kinachofaa zaidi ni kifungia mdomo cha umbo la kikapu, kinachomruhusu mbwa kuhema na hata kupokea dagaa kupitia nafasi zake, na afundishwe kukivaa kwa chakula siku kadhaa kabla. Msipokipata, bendeji pana inaweza kutumika kwa dharura: unazungusha pua na mdomo kitanzi, fundo moja juu, unarudisha ncha chini ya kidevu na kuzifunga nyuma ya masikio kwa fundo la kufunguka haraka. Bendeji inazuia kuhema, na mbwa hupoza mwili kwa kuhema, kwa hiyo isizidi dakika chache, ifunguliwe mara moja akianza kukoroma, kutapika au ulimi kubadilika rangi. Wala asifungwe hivyo mbwa mwenye pua fupi. Ninachokataa ni kutumia kifungo cha mdomo kama ruhusa ya kumlazimisha. Mdomo uliofungwa huzuia meno, hauzuii woga, na woga huo utaukuta umeongezeka mara mbili wiki inayofuata.

Nimegusia kuuma, kwa hiyo nilazimike kuuliza: je, Tomi amechanjwa kichaa cha mbwa mwaka huu? Chanjo hiyo hutolewa kuanzia umri wa miezi mitatu na kurudiwa kila mwaka, na bwana mifugo atakayekuja kwa ajili ya ukucha anaweza kuitoa. Mtu yeyote akiumwa au kukwaruzwa na meno, aoshe jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende kituo cha afya siku hiyo hiyo, bila kujali kwamba mbwa ni wa nyumbani na amechanjwa.

Damu ikitoka, na inaweza kutoka hata kwa mkataji mzoefu, msipige kelele. Mbwa husoma nyuso zetu. Ukucha ukikatwa hadi kwenye kiini hutoa damu nyingi kwa macho, lakini kwa mbwa mzima damu hiyo haimhatarishi. Chovya ncha ya ukucha kwenye unga wa ngano, ushindilie kwa kitambaa safi, ubonyeze kwa dakika tano kamili bila kufunua kuchungulia, kwa sababu kila unapochungulia unabandua damu iliyoanza kuganda. Ukikosa unga, ikandamize ncha ya ukucha ndani ya kile kipande kikavu cha sabuni ya mche, ambacho huziba tundu kwa muda. Kuna poda maalumu ya kuzuia damu kwa kazi hii, na ukiikuta katika duka la dawa za mifugo inunue. Majivu, udongo na mafuta ya taa visitumike, kwa kuwa vinachoma na kuingiza uchafu. Baada ya damu kukatika, abaki mahali pakavu na safi kwa saa kadhaa, asirudi kwenye matope.

Damu ikiendelea kutoka kwa zaidi ya nusu saa licha ya kubonyezwa ipasavyo, huo si mkato wa kawaida. Mpelekeni kwa daktari wa mifugo, na mweleze kama mbwa amekuwa na kupe wengi au kama kuna sumu ya panya iliyotegwa shambani au stoo, maana baadhi ya magonjwa yaletwayo na kupe na baadhi ya sumu za panya huzuia damu kuganda. Siku zinazofuata angalieni kama anachechemea, analamba kidole hicho bila kuacha, au kidole kimevimba na kunuka. Tena, kwa kuwa ukucha ule uliokatwa na shemeji mwezi uliopita ulipakwa majivu, ukaguliwe nao bwana mifugo akifika.

Nimalizie na njia ambayo kwa mbwa kama Tomi naipenda kuliko mkasi, na ambayo kwenu Mafinga haina gharama ya maana: ubao wa msasa. Vipande vya mbao vinavyotupwa kwenye karakana za maseremala mjini kwenu havihesabiki. Tafuteni kimoja chenye urefu wa sentimita 60 hivi na upana wa 25, kilichorandwa, kisicho na misumari wala vibanzi, mkibandike msasa namba 80 kwa gundi ya mbao upande mmoja wote, pasiwe na kona iliyoinuka. Ubao huo uuegemeze kwa mshazari katikati ya magoti yako. Weka dagaa juu ya ubao, ufunike kwa kiganja au kitambaa, umwache Tomi autafute. Mbwa akinyimwa kitu kilicho chini ya mkono hatimaye huparua, na papo hapo anapoparua, hata kama ni mara moja, inua mkono apate dagaa. Baada ya vipindi vichache ataelewa kwamba kuparua ndiko kunakoleta chakula, na utaweza kuondoa kitambaa. Hapo anajisugua kucha mwenyewe, bila kushikwa, bila mkasi, na bila kukumbuka siku ya shemeji.

Ubao una mipaka yake. Hushughulikia zaidi kucha za katikati za miguu ya mbele. Za kandoni husugulika kidogo, kwa hiyo uinamishe ubao kushoto na kulia mara kwa mara. Ukucha wa pembeni haufikii kabisa, na miguu ya nyuma ni mbwa wachache tu wanaojifunza kuitumia. Miparuo kumi kwa kila mguu, mara tatu au nne kwa wiki, inatosha kuanzia. Kila baada ya kipindi geuza wayo uangalie mambo mawili: ncha za kucha, kama lile doa la katikati limeanza kuonekana, na nyama za chini ya vidole, kama zimechubuka. Likionekana lolote kati ya hayo, mpumzishe wiki nzima. Msasa ukishakuwa laini, ubandue na kubandika mwingine.